Chai Niliyoionja Nyakanazi

Dafroza mwanangu,

Salamu sikupi, maana umelala chumba cha pili na nasikia unavyojigeuza kitandani. Afya yako naijua na yangu unaijua. Naandika kwa sababu kila nikifungua mdomo juu ya safari hii tunaishia kugombana, na mama yako anakimbilia jikoni. Tangu Jumapili niliposema hutakanyaga Nyakanazi na yule mwanamke wa Kaniha maadamu niko hai, hujanisalimu kwa moyo. Shikamoo yako naipata, lakini unanitupia kama ganda la ndizi. Na najua mzigo wako umekwisha kufungwa, na kwamba alfajiri unataka kupanda lori la kahawa la Venanti, niwe nimekubali au sijakubali.

Kwa hiyo nimechukua daftari langu la kisomo cha watu wazima. Kihangaza changu hakuna aliyenifundisha kukiandika, basi utanisoma kwa Kiswahili cha darasani. Ukikuta makosa, mlaumu mwalimu. Siku zote nilimshuku kwamba alikuwa anawahi kilabuni.

Sitakwambia uchemshe maji ya kunywa, wala usilale bila kufunga mlango. Hayo mama yako amekuimbia tangu asubuhi. Mimi nataka tuzungumze juu ya hiyo biashara yako, kwa sababu hujui ni biashara gani. Usikasirike, soma kwanza.

Siku ya kwanza uliniambia ni hoteli. Chai, maandazi, ugali na maharage kwa madereva. Kesho yake hoteli ikapata duka ubavuni, la sabuni, chumvi na viberiti. Wiki iliyofuata ukaleta habari ya cherehani, kwamba wasafiri huchanika nguo. Halafu tulipotoka misani ukasema nyuma ya hoteli kutakuwa na vyumba vya kulala wageni. Nilinyamaza, nawe ukadhani napinga tu kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeogopa, mwanangu. Nilikuwa namsikia mtu ninayemfahamu, na mtu huyo ni mimi.

Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Watoto wa jirani wananiita Mzee Kikulacho, wanadhani sijui. Sikuzaliwa hivi. Tulipokuwa tunakaa kule mlimani Nyakisasa, kila mtu alikuwa na migomba yake kuzunguka nyumba, na mgeni alionekana akiwa bado mbali. Ulipofika wakati wa kuhamia kijijini tukapangwa mstari, mlango kwa mlango. Nikaanza kusikia jirani akikohoa. Naye akaanza kujua tumepika nini. Nikawa najiuliza kwa nini anauliza habari za mbuzi wangu, na kwa nini leo hakuuliza. Ugonjwa ulianzia hapo. Kisha ikaja vita, tukaambiwa tuwe macho, kila mgeni aripotiwe kwa balozi wa nyumba kumi. Hapo nikawa nashuku kwa ruhusa ya serikali, na nakiri kwamba kazi hiyo niliipenda.

Wewe wakati huo ulikuwa shuleni, unajua tu kwamba baba alikwenda Nyakanazi kutafuta. Hujui nilichokitafuta. Hata mimi sikukijua.

Nyakanazi ya siku zile ilikuwa njia panda, vibanda vichache na vumbi jekundu. Malori yalikuwa yanapita kwenda kaskazini, mengine ya jeshi, mengine ya watu yaliyochukuliwa kubeba vyakula na askari. Mimi nikasema, palipo na watu wengi pana riziki. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu yote juu ya biashara, hakuna zaidi. Nikajenga kibanda cha miti na nyasi, nikaweka jiko la mawe matatu, nikaanza kupika chai. Sukari ilikuwa ya mgao, haionekani, basi nikanunua asali kwa warina wa Biharamulo. Chai yangu ya asali ilikuwa nzuri. Hata leo nikiikumbuka nameza mate.

Wateja wakaja siku za mwanzo. Kisha wakaanza kupungua. Dereva aliyekunywa kwangu wakati wa kwenda, wakati wa kurudi anasimama upande wa pili wa barabara. Nikimpungia mkono, anapunga, anacheka, haji. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke wa Kisukuma, amekaa chini na mtoto mgongoni, anauza viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kibanda hana, kivuli hana, benchi hana. Na lori likisimama, wote kwake.

Nikasema, huyu ana kitu.

Nikaanza kumchunguza. Nikagundua kwamba pembeni yake kuna ndoo ya maji, na juu ya maji yanaelea majani. Dereva akishuka, kabla ya kula anakwenda kwenye ile ndoo, anachotewa maji, ananawa uso na mikono, anasuuza mdomo, ndipo anakaa. Nikapiga hesabu yangu. Majani yale ni dawa. Anawaosha macho wasione kibanda changu. Dafroza, mama yako huweka majani kwenye ndoo kila siku akitoka kisimani, maji yasimwagike njiani. Nimeyaona tangu nioe. Lakini mtu akishaamua kushuku, hata jani la mgomba linakuwa uchawi. Nilitafuta mzee mmoja anitengenezee kinga, nikaifukia mlangoni, na lori lililofuata likaenda tena kwa yule mwanamke.

Basi nikaamua kwamba chai haitoshi. Nikaongeza rubisi, kwa kuwa pombe ya ndizi naijua tangu utotoni. Nikaongeza sigara za kuuza moja moja. Nikaongeza samaki wakavu, wakaipa chai harufu. Jirani mmoja alikuwa na pampu ya baiskeli, nikaiazima, nikaandika kwa mkaa kwenye ubao kwamba hapa tunajaza upepo. Malori, mwanangu, na mimi nina pampu ya baiskeli. Nilikuwa nakimbia huku na huku ndani ya kibanda kimoja, hiki kinaungua, kile kinamwagika, na jioni nikikaa siwezi hata kusema leo nilikuwa muuza nini. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika sita.

Siku moja yule mwanamke akavuka barabara na mtoto wake mgongoni. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba."

Nikaitikia marahaba kwa shida, nimeweka mkono juu ya sufuria.

Akasema, "Usinichukie kwa neno hili. Acha kuonja chai ya watu."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Unapompa mtu kikombe, unakunywa kwanza wewe. Hawa si watu wa huku. Wanakuja kwangu wanasema yule mzee anakunywa chai yetu halafu anatupa mabaki."

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe umekulia kwenye uji wa shule na huenda unaona ni kituko. Kwetu humpi mgeni kinywaji bila kukionja mbele yake. Unapiga funda moja ili aone kwamba hukumtilia sumu. Usipofanya hivyo umemtukana, au umemwandalia kaburi. Babu yako alifanya hivyo, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani asiyelijua jambo hilo. Kila kikombe cha chai pale Nyakanazi nilikionja. Nilikuwa nawapa heshima, tena heshima kubwa, nikifuta ukingo kwa kidole gumba. Nao walikuwa wametoka Tanga, Dodoma, na miji mingine ambako mtu akikunywea chai yako unamwona ana njaa au hana adabu.

Unadhani nilimshukuru? Nikajisemea, huyu anataka niache kuonja ili siku mtu akiumwa tumbo aseme mzee hakuonja, mzee ana sumu. Nikamwambia arudi kwenye viazi vyake. Akarudi. Na mimi kuanzia siku ile nikawa naonja mafunda mawili.

Aliyenizindua ni dereva mmoja wa Tanga, mtu mzima, mpole sana. Nilipomnyooshea kikombe nimekwisha kuonja, akakitazama, akasema kwa sauti ya chini wenzake wasisikie, "Mzee wangu, nipe ambacho hujakinywa, nitashukuru." Aliona haya kwa ajili yangu. Nikamtilia kingine, nikaushika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto usije ukakiinua. Alikunywa chote, akaagiza cha pili. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimeaibika mpaka masikio yanauma.

Nikaacha kuonja. Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Lakini vita ikawa imekwisha, malori ya jeshi yakapungua, na samaki wakanidodea mkononi, na rubisi ikachacha, na nguvu zangu zilikuwa zimetawanyika kwenye vitu ambavyo hakuna aliyekuwa ameniomba. Nikafunga virago. Hapa nyumbani nilisema barabara imekufa. Barabara haikufa, kama unavyojua. Yule mwanamke alibaki anauza viazi.

Jina lake ni Kabula. Ndiyo, huyo huyo rafiki yako uliyemfahamu kwa shangazi yako Kaniha. Uliponitajia jina, na kwamba bado anauza pale njia panda, nilimtambua. Nikajiuliza, mwanamke aliyenimaliza mimi, sasa anamtakia nini binti yangu? Na nikapanga kumfunua.

Unakumbuka juzi niliposema nakwenda Kaniha kumwona shangazi yako, kwamba anaumwa mgongo? Mgongo wake ni mzima kuliko wangu. Nilikwenda kupeleleza. Nilimwuliza balozi wao, akasema Kabula ni mtu mwema. Nilimwuliza katekista, akasema ingawa hasali kwao ni mtu mwema. Nikamwuliza mke mwenza wa jirani yake, mtu ambaye kazi yake ni kusema watu, naye akasema hana neno. Lisemwalo lipo, hayo nayajua. Lakini mtu asiyesemwa kabisa alinitisha zaidi. Nikaenda kwake mwenyewe, nikajifanya natafuta mbuzi wa kununua.

Alikuwa anapepeta mtama. Akainuka, akapiga goti vilevile kama zamani.

"Shikamoo baba Dafroza. Mbuzi hatuna, tuna ng'ombe. Karibu ukae."

Nikakaa. Kuigiza kukawa kumeisha kabla hakujaanza. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Unamtakia nini mwanangu?"

Akaniangalia. "Na mimi nataka kukuuliza hivyo hivyo. Yeye ananitakia nini? Maana namwogopa."

"Unamwogopa Dafroza?"

"Kila tukikutana ana jambo jipya. Leo cherehani, kesho vyumba vya wageni, mara sabuni. Mimi nimekaa pale njia panda miaka yote hii. Mtu akishuka kwenye lori anataka kuondoa vumbi, na anataka chakula cha moto ambacho hakisubiriwi. Basi. Nikimwambia tuanze na hicho, anasema nina mawazo madogo. Baba, mimi nina watoto. Nikiingiza ng'ombe wangu mmoja kwenye biashara ya mtu asiyejua anakwenda wapi, nitawaambia nini?"

Nilikuwa nimekwenda kumkamata mwizi, Dafroza, nikakuta mwenye mali anamshuku mwanangu, na ana sababu. Nilitaka kukutetea. Nilitafuta neno, na neno lililokuja ni ile pampu ya baiskeli. Nikacheka. Naye akacheka, nadhani anaikumbuka.

Nikamwuliza mbona hakuwahi kukwambia kwamba tunafahamiana. Akajibu, "Ni aibu yako, si yangu ya kusimulia." Jibu hilo nimekuja nalo njia nzima kutoka Kaniha, nalipindua huku na huku nikitafuta hila iliyomo. Sijaiona. Ukiiona niandikie.

Sikwambii kwamba Kabula ni malaika. Simwamini mtu anayepatana na kila mtu, na nyie wawili mkisha kupata kitu mtagombana, hilo nakuapia. Mkae chini mapema mseme mbele ya shahidi kipi ni cha nani. Shangazi yako anafaa, ana masikio na hasahau. Lakini sikiliza hili moja ambalo nililipia kwa kibanda kizima. Nilipokuwa nimekaa pale nikilinda sufuria, nilitazama mikono ya Kabula, nikatazama ndoo, nikatazama mlango wangu usije ukarogwa. Sikumtazama mteja usoni hata mara moja. Angenionyesha. Mtu ambaye uso wote ni vumbi jekundu, macho tu ndiyo meupe, hahitaji kuulizwa anataka nini. Macho yangu yalikuwa kazini kutwa, ila kazi nyingine.

Na wewe hushuku kama mimi, namshukuru Mungu, umerithi kwa mama yako. Lakini una kitu kinachofanana nacho. Wewe unatazama ubao wa hoteli yako kichwani, ulivyopakwa rangi, na jina lako. Ninapokuuliza nani atakula, unanitajia vitu utakavyouza. Sijakusikia ukimtaja mtu. Mtafute mtu mmoja, Dafroza. Utingo aliyelala juu ya magunia usiku kucha, au mama anayesubiri gari la kwenda Kahama na mtoto anayelia. Mjue yeye anataka nini saa ile anayofika, umpe hicho hicho kila siku mpaka akikosa kukuona aulizie. Cherehani na vyumba vitakuja vyenyewe kukuomba nafasi. Visipokuja, hukuwa na haja navyo.

Ile sabuni na chumvi ndiyo nakusihi kabisa uiache. Siku hizi mtu akionekana na sabuni zaidi ya anayoogea anaitwa mlanguzi, na mgambo hawaulizi mara mbili. Hapo sishuku, hapo najua.

Sasa limebaki lililonifanya niwashe kibatari na mafuta yenyewe hakuna. Baada ya kutoka Kaniha, nikiwa njiani, nimekwisha kuchunguza watu wote, nikabaki mimi. Nikajiuliza kwa nini bado moyo unakataa uende. Kabula nimeona hana baya. Njia ile naijua. Kijiji kimekupa kibali. Kilichobaki ni kidogo na kibaya: naogopa kwamba utaweza. Utakaa pale pale nilipokaa mimi, na malori yatasimama, na watu watasema binti ya yule mzee aliyekuwa anaonja chai amefanya vizuri. Nimeandika, sasa umelijua. Ningeweza kulifuta lakini nakuachia.

Na nimefanya jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hakujapambazuka. Jumatatu nilikwenda kwa Venanti nikamwambia kwamba unatoroka nyumbani, na kwamba akikupandisha kwenye lori lake nitampeleka polisi. Akakubali. Ungesimama pale barabarani na mzigo wako, yeye angepita bila hata kupunguza mwendo. Mimi ningekuwa nimekaa hapa nimevaa uso wa pole.

Leo jioni, nilipotoka nikasema nakwenda kufunga mbuzi, nilikwenda tena kwa Venanti. Nikamwambia basi, binti aende, nimeridhika. 

"Mzee Stefano," akasema, "Jumatatu anatoroka, leo umeridhika. Kesho nikishampandisha utasemaje?"

Nikamwambia neno langu linatosha.

Akasema, "Halitoshi. Unanitega."

Niliapa. Hakukubali. Nikamwambia ana tabia mbaya ya kushuku watu, na mke wake aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Mwisho Venanti akatoa sharti lake. Nije mwenyewe alfajiri, na mama yako awepo. Nikushike mkono mbele ya kila mtu aliyeko pale, nikupandishe kwenye lori, niseme kwa sauti kwamba nakutuma mimi. La sivyo, hakubebi.

Naona mwanga chini ya mlango wako, hujalala. Nikimaliza kuandika nitaisukuma barua hii hapo chini kisha nikamwamshe mama yako. Usitoke kunijibu. Alfajiri tutakwenda wote watatu, nitakushika mkono na nitasema kwa sauti kama alivyotaka. Nikikawia kukuachia, jivute tu mwanangu, upande.

Baba yako,
Stefano